Kuingia kwenye kompyuta za ofisi ukiwa mbali: faiwoli inavyosingiziwa, na njia moja inayotosha kompyuta zote

"Fungua poti 3389 kwenye ruta, kazi imekwisha." Ushauri huu wa kufungua poti, yaani mlango wenye namba ambao huduma ya kompyuta hupitia, umezunguka sana kwenye magrupu ya mafundi wa kompyuta tangu wakati wa korona, ofisi zilipolazimika kuwaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani, na hadi leo ndio anaopewa mhasibu anayetaka kufungua vitabu vya ofisi akiwa sebuleni kwake. Wapo ambao kwao unafanya kazi, na bila kujua wanaiacha ofisi wazi kwa dunia nzima. Wapo ambao haufanyi kazi hata wafungue nini, mwisho wanasema "faiwoli imegoma" na kuizima kabisa. Na mwenye kompyuta sita anaachwa njiani: poti ni moja, kompyuta ni sita, sasa mgeni anafikia ipi?

Mkanganyiko huu una chanzo kimoja. Vitu vitatu tofauti vinaitwa kwa jina moja la "faiwoli": kizuizi chenyewe, kazi ya ruta ya kuziweka kompyuta nyingi nyuma ya anwani moja, na uhaba wa anwani kwenye kampuni za intaneti. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Tuvitenganishe, tukianza na kile unachotaka kukifanya.

Kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali maana yake ni kuitumia kompyuta iliyo ofisini kana kwamba umekaa mbele yake. Kompyuta ya ofisini ndiyo inayofanya kazi yote. Kinachosafiri kwenye intaneti ni picha ya skrini inayokuja kwako, na mibonyezo ya kibodi na miondoko ya mausi inayokwenda kule. Faili la mahesabu lenye miaka mitano ya mauzo halitoki ofisini, na ndiyo sababu kazi hii inawezekana hata kwa bando la simu. Ni jambo tofauti na kuhifadhi mafaili Google Drive, ambako faili lenyewe ndilo linalosafiri.

Kwenye Windows huduma hii imo ndani tayari na inaitwa Remote Desktop. Lugha inayotumiwa na kompyuta mbili kuzungumza katika huduma hiyo inaitwa RDP. Kabla hujagusa ruta, kuna mambo mawili ya kuyajua hapa, kwa sababu yanawapotezea watu siku nzima. La kwanza, Windows toleo la Home linaweza kuingia kwenye kompyuta nyingine lakini haliwezi kupokea mgeni. La kupokea ni Pro na matoleo yaliyo juu yake. Laptopu nyingi za dukani huja na Home, na mwenye nayo anahangaika na ruta wakati tatizo liko kwenye leseni. La pili, kwenye Windows ya kawaida anakaa mtu mmoja tu kwa wakati mmoja: ukiingia kwa mbali, aliyeko mezani anafungiwa skrini. Hivyo wahasibu watatu wanaotaka kufanya kazi usiku kwa pamoja wanahitaji kompyuta tatu, au Windows Server yenye leseni za watumiaji wa mbali. Hapo ndipo habari ya "kompyuta nyingi" inapoanzia.

Sasa anwani. Kila kifaa kinachozungumza kwenye intaneti kinahitaji namba ya kukitambulisha, yaani anwani ya IP. Mfumo wa zamani wa anwani hizi, ambao bado ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi, una nafasi takriban bilioni 4.3 tu, idadi ndogo kuliko ya watu duniani. Ndiyo maana mwaka 1996 yaliwekwa rasmi mafungu ya anwani za kutumia ndani ya majengo peke yake: zinazoanza na 10, zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Ofisi yako na ya jirani zote zinaweza kuwa na kompyuta yenye anwani 192.168.1.21 na zisigongane, kwa kuwa anwani hizo hazionekani nje. Nje, ofisi nzima huonekana kwa anwani moja tu, ile ya ruta.

Chukua shule ya sekondari ya bweni yenye sanduku la posta moja. Wanafunzi mia nane, S.L.P. moja. Mwanafunzi akimwandikia mzazi, barua inatoka bila taabu, na jibu likirudi karani wa shule anajua ni la nani kwa sababu jina limeandikwa juu ya namba ya sanduku. Siku moja inakuja bahasha yenye S.L.P. peke yake, bila jina, bila kidato. Karani hakuagizwa aizuie na hana neno nayo. Hajui tu ampe nani, na bahasha inabaki kwenye kabati.

Ruta ya ofisi ndiyo karani huyo, na kazi hiyo ya kukumbuka nani aliandika nini ili jibu limfikie inaitwa NAT. Kompyuta ya ndani ikifungua tovuti, ruta inaweka kumbukumbu na jibu linarudi mahali pake. Ombi likitoka nje pasipo yeyote wa ndani kuliita, kumbukumbu haipo, na ruta inalitupa. Ukijaribu kuingia ofisini kutoka nyumbani, ombi lako ni hiyo bahasha isiyo na jina.

Jina juu ya bahasha ndiyo poti. Ni namba kati ya 0 na 65535 inayoambatana na anwani kuonyesha huduma inayotakiwa. Tovuti zenye ulinzi hutumia 443, Remote Desktop hutumia 3389, na VNC, ambayo ni njia nyingine ya zamani ya kuona skrini ya mbali, hutumia 5900. Kuelekeza poti ni kumwachia karani maagizo ya kudumu: kila kitakachokuja na 3389 kipeleke kwenye anwani fulani ya ndani.

Faiwoli yenyewe ni kitu kingine. Ni mlolongo wa kanuni unaosema kipi kipite na kipi kisipite, nayo huizuia barua hata kama jina limeandikwa vizuri na mwenyewe anaijua. Kwa kawaida unazo mbili: moja ndani ya ruta na moja ndani ya Windows. Ukiwasha Remote Desktop kwenye mipangilio ya mfumo, Windows yenyewe inafungua njia kwenye faiwoli yake. Kwa hiyo kabla ya kulaumu chochote fanya jaribio moja dogo: kaa kwenye kompyuta nyingine humohumo ofisini, andika anwani ya ndani ya ile unayoitaka, ujaribu kuingia. Ikikataa hapo, ruta haihusiki kabisa. Angalia toleo la Windows, angalia kama programu ya kuzuia virusi imekuja na faiwoli yake, angalia kama akaunti ina ruhusa. Ikikubali hapo na kukataa ukiwa nje, faiwoli ya Windows kwa kawaida haina kosa, na kuizima hakutakusaidia. Kutavipa virusi vilivyoingia kwenye kompyuta moja nafasi ya kuzifikia nyingine zote.

Jaribio hilohilo la ndani huibua jambo jingine linalowasumbua wengi. Mfanyakazi amezoea kufungua kompyuta yake kwa PIN ya tarakimu nne. Akiingia kwa mbali, PIN ile haifai. Panahitajika nenosiri kamili la akaunti, na kama akaunti imeunganishwa na barua pepe ya Microsoft, basi ni nenosiri la barua pepe hiyo. Wengi walishalisahau siku walipoweka PIN. Na akaunti isiyo na nenosiri kabisa Windows haiikubali kwa mbali.

Turudi kwa mwenye kompyuta sita. Kwa njia ya kuelekeza poti, jambo linawezekana. Kwanza kila kompyuta ipewe anwani ya ndani isiyobadilika, kwa kuihifadhi kwenye ruta, vinginevyo kesho umeme ukirudi baada ya kukatika anwani zinagawiwa upya na maagizo yako yanaelekea kwa mtu mwingine. Kisha kwenye ukurasa wa ruta ulioandikwa Port Forwarding, au Virtual Server kwenye baadhi ya ruta, unajaza mistari: poti ya nje 3389 iende 192.168.1.21 poti 3389. Poti ya nje 3390 iende 192.168.1.22 poti 3389; poti ya nje 3391 iende 192.168.1.23 poti 3389, na kuendelea. Ukiwa nyumbani unaandika anwani ya ofisi, nukta pacha, na namba: tuseme 203.0.113.10:3390 kwa kompyuta ya pili. Kama ruta haiwezi kupokea poti moja na kukabidhi nyingine, unalazimika kubadili poti ndani ya kila Windows na kuifungulia kanuni mpya kwenye faiwoli yake. Na kama kampuni ya intaneti inakubadilishia anwani ya nje mara kwa mara, unahitaji huduma ya jina linalofuata anwani, kama No-IP au DuckDNS.

Nimeieleza njia hii kwa ukamilifu kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi, na kwa sababu ukiielewa unaelewa mambo mengine yote. Lakini usiitumie.

Fungua Event Viewer, programu ya Windows ya kusomea kumbukumbu zake, kwenye kompyuta iliyoachwa usiku mmoja na RDP ikionekana kwenye intaneti. Ingia Windows Logs, kisha Security, uchuje namba 4625, ambayo ni alama ya jaribio la kuingia lililoshindikana. Mistari inashuka mmoja baada ya mwingine, mingine ikipishana kwa sekunde chache. Kwenye nafasi ya jina la akaunti utasoma ADMINISTRATOR, kisha ADMIN, kisha USER, TEST, BACKUP, SCANNER, halafu ADMINISTRATOR tena. Anwani zinakotoka ni za nchi ambazo ofisi yako haijawahi kufanya nazo biashara. Hakuna mtu aliyekaa akikuandama wewe. Ni programu zinazopita kwenye anwani zote za dunia zikigonga, na zinapopata RDP zinaanza kukisia manenosiri usiku na mchana bila kuchoka. Zikilipata moja, mara nyingi kinachofuata ni mafaili kufungwa kwa usimbaji na ujumbe wa kudai fedha.

Hapo huja jibu la kawaida la fundi: badilisha poti, weka 50123, hawataiona. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, inayoweza kupitia anwani zote za mfumo wa zamani kwa poti moja chini ya dakika 45, ikitumia kompyuta moja yenye intaneti ya kasi. Kubadili poti kunapunguza kelele kwenye kumbukumbu zako. Hakumfichi mtu.

Nenosiri gumu nalo, ingawa ni la lazima, si kinga ya kila kitu. Mei 2019 Microsoft ilitoa rekebisho la kasoro iliyopewa jina la BlueKeep, ambayo ilimwezesha mtu wa nje kuitawala kompyuta kupitia RDP pasipo nenosiri lolote. Waathirika walikuwa Windows 7, Windows Server 2008 na matoleo ya zamani zaidi, na uzito wa jambo lenyewe uliifanya Microsoft itoe rekebisho hata kwa Windows XP, ambayo ilikwisha kuacha kuihudumia tangu 2014. Ofisi iliyokuwa na RDP wazi kwenye kompyuta sita ilikuwa na matundu sita ya aina hiyo. Na kwa kuwa Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi za maofisini zisizopata tena masasisho zimeingia kwenye kundi hilohilo.

Kabla ya kufika kwenye njia iliyo bora, kuna wale ambao kwao hata hii mbaya haikubali. Wamejaza mistari yote kwenye ruta, faiwoli wameizima kwa hasira, na bado kimya. Wengi wao wanatumia ruta yenye laini ya simu.

Anwani zimekwisha, na Afrika haikusalimika: AFRINIC, taasisi ya Mauritius inayogawa anwani kwa bara hili, iliingia awamu ya mwisho ya ugawaji wake Januari 2020. Kampuni za simu zenye mamilioni ya wateja haziwezi kumpa kila mmoja anwani yake ya nje. Zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, yaani zinarudia kwa wilaya nzima kile ambacho ruta yako inakifanya kwa ofisi moja. Shule imekosa hata S.L.P. yake, inatumia ya wilaya, na wewe unampa maagizo karani wa shule ilhali barua zinakwama kwa karani wa wilaya ambaye hakujui. Hakuna mpangilio wowote kwenye ruta yako unaoweza kubadilisha hilo. Hali hii inaitwa CGNAT. Starlink, iliyoanza huduma Kenya Julai 2023, nayo iko hivyo kwenye vifurushi vyake vya kawaida.

Kujua kama umo humo ni kazi ya dakika mbili. Fungua ukurasa wa ruta, usome anwani iliyoandikwa kwenye sehemu ya WAN, yaani upande wa ruta unaotazama intaneti. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP. Zikifanana, una anwani yako mwenyewe. Zikitofautiana, uko nyuma ya anwani ya pamoja; na kama ile ya WAN iko kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kazi hii hasa, basi hakuna tena la kujadili. Unaweza kuiomba kampuni ikuuzie anwani ya umma ya kudumu, jambo ambalo kwa kawaida lipo kwenye vifurushi vya biashara, au utumie njia isiyoihitaji.

Njia hiyo iko karibu, na inatokana na jambo tuliloliona mwanzo: barua inayotoka ndani haizuiliwi. Kompyuta ya ofisini ikiwa ndiyo iliyoanza mazungumzo kwa kwenda nje, ruta, faiwoli na hata karani wa wilaya wote wanaliruhusu jibu lirudi. Hivyo ndivyo programu za kuingia kwa mbali kama AnyDesk, TeamViewer na RustDesk zinavyofanya kazi pasipo kufungua chochote. Kompyuta ya ofisi inabaki imeunganishwa na seva ya kati, wewe nawe unaunganishwa na seva hiyo, na seva inawakutanisha. Watu husema AnyDesk "inavunja faiwoli". Haivunji. Inapita mlango uleule unaopitwa na tovuti unazofungua kila siku.

Kwa kumsaidia mteja mmoja mara mojamoja, programu hizi zinafaa sana. Kwa ofisi ya kompyuta sita zinazotumika kila jioni naona hazitoshi: AnyDesk na TeamViewer ni za bure kwa matumizi binafsi tu, na kila kompyuta inakuwa na namba yake, nenosiri lake na mtu wa kulikumbuka. Tena zimekuwa chombo cha matapeli. Mtu anapiga simu akijitambulisha kuwa ni wa benki au wa kampuni ya simu, anakuomba usakinishe AnyDesk na umsomee namba iliyo kwenye skrini. Ukimsomea na ukabofya kukubali, umempa kompyuta yako na akaunti zote zilizofunguliwa humo. Namba ile usimsomee mtu ambaye si wewe uliyempigia kuomba msaada.

Kinachofaa kwa ofisi ni VPN, na hapa inabidi tusafishe jina. Kwa Waafrika Mashariki wengi VPN ni kitu cha kufungulia mitandao ya kijamii inapozimwa, kama ilivyotokea Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Hilo ni tumizi moja tu. VPN kwa asili yake ni njia iliyofungwa kwa usimbaji kati ya sehemu mbili, ili kifaa kilichoko mbali kiwe sehemu ya mtandao wa ndani. Laptopu yako ukiwa Morogoro inapata hadhi ya kompyuta iliyochomekwa kwenye swichi ya ofisi iliyoko Dar es Salaam. Ukishaingia, hakuna tena habari ya poti 3390 na 3391. Unaandika anwani ya ndani ya kompyuta unayoitaka, ya kwanza, ya nne au ya sita, na unafika. Printa na faili za pamoja nazo unazifikia vilevile. Kompyuta zikifika ishirini, njia inabaki ileile moja.

Kwa walioko Tanzania kuna jambo la kisheria. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni ambazo kazi zao zinahitaji VPN wazitolee taarifa, na mwisho ulikuwa tarehe 30 ya mwezi huo. Tangazo lilizua hofu kwamba VPN imepigwa marufuku yote. Lilichodai ni usajili wa VPN za kikazi pamoja na taarifa zake, ikiwemo anwani ya IP. Ofisi inayojenga VPN leo iulize TCRA utaratibu, iisajili, na ihifadhi uthibitisho.

Ukiwa na anwani yako ya umma, VPN inaweza kukaa kwenye ruta yenyewe. Ruta za MikroTik, ambazo zimejaa kwenye ofisi zetu, zina WireGuard, aina mojawapo ya VPN, ndani kuanzia toleo la 7 la mfumo wake uitwao RouterOS. WireGuard naipendelea kwa sababu moja kubwa. Kila kifaa kina jozi yake ya funguo, na ruta haijibu chochote kwa asiye na ufunguo unaotambulika. Unafungua poti moja, kwa kawaida 51820 ya UDP, lakini programu zinazopita zikigonga usiku hazipati jibu lolote. Kwao ni kama hakuna kitu. RDP hujitambulisha kwa kila anayegonga, kisha ndipo inauliza nenosiri. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kufungua tundu na kuweka lango. Na mfanyakazi akiacha kazi, unafuta ufunguo wake mmoja. Huna haja ya kubadili manenosiri ya ofisi nzima usiku huo.

Usipokuwa na anwani ya umma, huduma za Tailscale na ZeroTier zinafanya jambo hilohilo kwa kuanzia ndani kwenda nje. Unaweza kuisakinisha kwenye kila kompyuta, au kuiweka kwenye kompyuta moja ya ofisi inayowaka saa zote na kuiagiza iwe njia ya kufikia mtandao wote wa ndani. Njia ya pili ni rahisi kusimamia, ila kompyuta ile ikizimwa, zote sita zimepotea. Ofisi kubwa zenye Windows Server zina pia njia ya Microsoft iitwayo RD Gateway, inayopokea wote kupitia poti 443 na kuwagawa ndani. Inataka mtu wa kuisimamia na kuisasisha kwa bidii, kwa kuwa lango lenyewe linaonekana nje.

Kuna tatizo moja la VPN ambalo hutalikuta kwenye maelezo ya haraka. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na fungu la 192.168.1 au 192.168.0. Ofisi inalitumia, nyumbani kwako unalitumia pia. VPN inaunganika vizuri, alama inageuka kijani, lakini ukiandika 192.168.1.21 laptopu inaitafuta palepale sebuleni, kwa sababu kwake anwani hiyo ni ya nyumbani. Watu huhangaika na faiwoli kwa hili pia. Badilisha fungu la ofisi liwe la nadra, mfano 10.37.5, kabla hujaanza kuzigawia kompyuta anwani za kudumu. Ukichelewa utazibadilisha mara mbili.

Ndani ya VPN usilegeze mambo. Acha kipengele cha kuthibitisha mtumiaji kabla skrini haijafunguka, NLA, kikiwa kimewashwa kama kilivyokuja. Mhasibu apewe akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu. Akaunti ijifunge baada ya majaribio kadhaa yaliyokosewa; Windows 11 iliyosakinishwa upya kuanzia toleo la 22H2 hufanya hivyo yenyewe, majaribio 10 na kufungwa dakika 10, lakini kompyuta za zamani lazima uziagize. Na nakala za mahesabu ziwe zinakwenda mahali ambapo kompyuta hizo haziwezi kufuta.

Limebaki la umeme. Kompyuta iliyolala haipokei mgeni, kwa hiyo kwenye mipangilio ya nishati izuie isilale, skrini peke yake ndiyo izime. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kuna kipengele kinachoiagiza iwake yenyewe umeme unaporudi. Bila hicho, umeme ukikatika saa mbili usiku na kurudi saa tatu, utakaa nje hadi mlinzi au mtu wa usafi afungue mlango asubuhi. Ruta na modemu ziwekwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika, hata kama kompyuta zote haziwezekani, maana hizo zinatumia umeme kidogo na ndizo zinazoshikilia njia.

Ukishamaliza kupanga, jaribu kabla hujaondoka, na ujaribu kwa bando la simu, Wi-Fi ya ofisi ikiwa imezimwa kwenye laptopu unayojaribia. Ruta nyingi ndogo haziwezi kumhudumia aliyeko ndani anayeita anwani ya nje, hivyo ukijaribia kwenye Wi-Fi ya humohumo unaweza kuambiwa imeshindikana ilhali iko sawa. Au utaona imekubali, kwa kuwa laptopu ilipita ndani moja kwa moja na haikuigusa VPN hata kidogo. Ingia kwenye kompyuta zote sita, moja baada ya nyingine, kila moja kwa akaunti ya mtu atakayeitumia na si kwa akaunti yako wewe fundi.